Meza Moja na Mama Mkwe

Cosmas alikuwa diwani, mtu mzima mwenye koti na saa ya mkononi, lakini siku akikutana na mama mkwe wake njiani alikuwa anaruka mtaroni kama chura. Wala hakuna aliyemcheka. Kwa watu wa Malindi ya milima ya Lushoto, siyo ile ya Pwani, wa kizazi kile, mtu na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso, hawali pamoja, hawatajani majina, na wakikutana kwenye njia nyembamba ya mlimani sharti mmoja apishe, hata kama pembeni kuna upupu au genge. Anayepisha ni mkwe, bila shaka. Mama mkwe angerukia wapi na magoti yale?

Mama mkwe mwenyewe, Jenoveva, aliipenda heshima ile kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Tangu bintiye Marietha aolewe, hakuwahi kuuona uso wa yule mwanamume. Alimjua kwa mgongo. Alikuwa akipita njiani, kikapu kichwani, anasikia puu! kwenye magugu, kisha anaona mgongo wa koti umesimama kimya katikati ya migomba kama umepandwa pale. Anapita polepole, kwa makusudi kabisa, na akifika mbele anasema kwa sauti, akiiambia hewa, "Aliyemlea huyu, alimlea kweli." Nyumbani akimsimulia mumewe Silvano, wote wawili wanacheka mpaka uji unamwagika.

Sasa huyu Silvano ndiye chanzo cha yote, Mungu amrehemu. Alikuwa mkulima wa kabichi na mapeasi, mzigo wake ukishuka Mombo na kupelekwa Tanga kila wiki. Kabla ya Uhuru kidogo, wenzake walipokuwa wakinunua baiskeli na gramafoni, yeye alinunua hisa. Ndiyo, hisa, vipande vya makampuni ya Nairobi ambavyo hakuna mtu Malindi aliyewahi kuviona kwa macho. Alizinunua kupitia kwa Bwana Salimu, wakala wa dalali mmoja wa Tanga, ambaye kila mwezi, siku moja ya soko, alipanda Lushoto na kufungua meza yake kwenye chumba cha nyuma cha duka la vitambaa. Kila mwaka gawio la faida lilikuja. Halikuwa la kumtajirisha mtu, lakini lilitosha kumfanya mtu asiombe chumvi kwa jirani.

Tatizo la Silvano lilikuwa mdogo wake, Lucian. Lucian alikuwa mtu wa mikono mirefu na kumbukumbu fupi. Akikopa leo, kesho amesahau, keshokutwa amerudi kukopa tena na bado anakuchekesha. Silvano hakuwahi kumkatalia ndugu yake kitu. Alikuwa na moyo huo, wa kijinga, na aliujua kuwa wa kijinga. Kwa hiyo akafanya akili. Siku ya kuandikisha akaunti ya hisa zile kwa dalali, Bwana Salimu alimuuliza, "Mzee wangu, unataka iwe yako peke yako au ya pamoja?"

"Ya pamoja. Mimi, mke wangu, na mkwe wangu."

"Haya. Pamoja kwa namna gani? Ziko namna mbili. Kila mmoja anaweza kuwa na fungu lake, akifa likarithiwa na watu wake. Au hisa zote zikawa za wote bila mafungu: akifa mmoja, zinabaki kwa waliobaki, haziendi kwenye mirathi, mpaka abaki wa mwisho."

"Hiyo ya pili."

"Na sahihi? Akitaka kuuza au kubadili majina, atoshe mmoja, au wote?"

"Wote," Silvano alisema. "Tena siyo sahihi za kupelekeana nyumbani. Waje wenyewe, wakae meza moja, wewe ukiwaona."

Bwana Salimu alikuwa mtu wa Pwani lakini naye alikuwa na wakwe. Alimtazama Silvano, akatazama karatasi, akaelewa, akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Mzee alikuwa ametengeneza kufuli ambalo mwizi halifungui, na mwenyewe pia halifungui.

Tangu hapo Lucian akija na shida zake, Silvano anamkaribisha vizuri, anammiminia togwa, anamsikiliza mpaka mwisho. Kisha anasema, "Ndugu yangu, hela ipo! Nani kasema haipo? Niletee mke wangu na mkwe wangu meza moja, nikusainie leo leo." Lucian anamalizia togwa, anaaga. Kulikuwa na njia ya kuilegeza haya ile, nayo ilijulikana: mkwe analeta mbuzi, wazee wanakaa, mbuzi analiwa, na tangu siku ile mtu na mama mkwe wake wanaweza kusalimiana kama watu. Lakini Silvano alimwita Cosmas pembeni akamwonya. "Mkwe wangu, huyo mbuzi wako usithubutu kumleta. Siku tukimla yeye, Lucian atazila hisa." Cosmas akatii. Akaendelea kuruka mitaro.

Mambo yakaenda hivyo, vizuri tu, mpaka Azimio la Arusha likatangazwa. Silvano aliisikia redioni habari kwamba kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, na kwamba madiwani nao ni viongozi, na kwamba kiongozi ni mtu pamoja na mke wake. Alipiga paja. "Jamani! Kumbe nimemwoza binti yangu kwa bepari!" Alicheka juu ya jambo hilo kwa wiki nzima. Viongozi walipewa muda wa kujitoa, na Silvano akasema wataliangalia baada ya mavuno ya viazi. Baridi ya Juni ikaingia, kichomi kikampata, na kabla ya viazi kuvunwa walikuwa wamemzika.

Jenoveva alivaa kaniki ya ujane, na kwa desturi angeivaa mwaka mzima. Hata matanga hayajapoa sawasawa, Lucian akaja. Alikaa kwenye kiti cha Silvano, akavuta pumzi ndefu ya huzuni.

"Shemeji," alisema, "mali ya marehemu irudi kwenye ukoo. Zile hisa tutazigawa wenyewe. Na wewe usikae peke yako humu, hamia kwangu. Tutakulea."

"Mnilee?" Jenoveva alimtazama. "Kwani mimi ndio kwanza naota meno?"

"Shemeji, mwanamke asiye na mtoto wa kiume ataishije peke yake?"

Hapo alimgusa penyewe. Jenoveva aliwajua wajane waliohamia kwa mashemeji zao "kulelewa". Aliwajua kwa magunia waliyokuwa wakibeba. Yudith, mke wa Lucian mwenyewe, alikuwa mke wa ndoa ya kanisani na bado alikuwa akilima mashamba ya watu ili alipe madeni ya mumewe. Mjane angepata nini kwenye jiko lile? Bila gawio la kila mwaka asingekuwa na la kujibu. Akiwa na gawio, hata Lucian aje na ukoo mzima, angewakaribisha chai na kuwaaga.

Basi siku ya soko wakashuka wote wawili mpaka kwa Bwana Salimu, Lucian mbele, ametia mafuta kichwani, Jenoveva nyuma na kaniki yake.

"Shikamoo mama," Bwana Salimu alisema akisimama. "Pole sana. Mzee alikuwa rafiki yangu."

"Marahaba, baba. Tumeshapoa."

Lucian akaeleza habari za ukoo kwa maneno matamu na marefu. Bwana Salimu alimwacha amalize, kisha akatikisa kichwa. "Bwana Lucian, hisa hizi hazimo kwenye mirathi. Marehemu hata angeandika wosia kukuachia wewe, wosia usingezigusa. Alipokata roho tu, zikabaki kwa wawili waliobaki, huyu mama na mkwe wake. Nikipata cheti cha kifo nafuta jina la mzee, basi. Lakini..." akamgeukia Jenoveva, na sauti ikapungua, "mama, gawio nimelizuia. Mzee mwenyewe ndiye aliyeweka sharti. Jina likibadilika, waliobaki waje wote, meza moja."

Kufuli lile sasa lilikuwa limemfungia nje mwenye nyumba.

Lucian alikuwa mwepesi, hilo tumpe haki yake. Walipokuwa wakipanda mlima kurudi, alianza kucheka peke yake. "Kaka yangu alikuwa mjanja, akajitega mwenyewe. Hebu fikiri, shemeji. Aliyebaki anachukua vyote, siyo? Wewe una miaka mingapi? Na mkweo ana mingapi? Basi yule bwana hana haja ya kuuza wala kuja mezani. Kazi yake ni moja tu, kukaa kimya na kungoja." Akainama akachuma jani la mkaratusi, akalinusa. "Ndiyo maana mbuzi haji."

Jenoveva alimwambia anyamaze. Lakini neno likishaingia sikioni halitoki kwa kunyamazisha. Usiku na mchana likamla. Ni kweli, mbuzi haji. Silvano aliyemkataza hayupo tena, Azimio linamtaka Cosmas ajitoe, muda wa viongozi unakwisha, basi anangoja nini? Alianza kumtazama yule mgongo kwenye migomba kwa jicho jingine. Zamani alikuwa akiona heshima. Sasa alikuwa anaona mtu aliyejificha.

Mwishowe hakuvumilia. Alimwagiza Marietha amwite mumewe, na Cosmas akaja jioni, akakaa nje ya ukuta wa jiko, mgongo ukutani. Jenoveva alikaa ndani, mgongo ukutani vilevile. Mtu na mama mkwe wake hawasemezani, lakini hakuna aliyewahi kuwakataza kusema na kuku, na kuku alikuwapo, mwekundu, ameatamia mlangoni.

"Wewe kuku," Jenoveva alianza, "yupo mtu huko nje. Mwambie nimefurahi amekuja."

"Kuku," sauti ya Cosmas ikasema, "mpe mama shikamoo yangu."

"Marahaba, mwambie. Sasa muulize huyo mtu. Amesikia habari ya meza?"

"Kuku, mwambie mama nimesikia."

"Na anajua namna ya kuifikia hiyo meza? Desturi anaijua?"

"Anaijua, kuku."

"Basi mbona amekaa? Kuku, muulize vizuri, usimung'unye. Mtu akikaa tu, anangoja nini?"

Kuku alifumba jicho moja. Jenoveva alisikia mguu ukisogea kwenye kokoto, kisha kikohozi kidogo.

"Kuku," Cosmas alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyebanwa, "mwambie mama hilo siwezi kulisema. Hata kwako wewe siwezi."

Jenoveva alisimama, akampiga kuku teke, kuku wa watu asiye na kosa, na kuku akatoka akipiga kelele mpaka kwenye viazi. Cosmas alikwenda zake bila kuaga. Usiku ule Jenoveva alilia kwa hasira. Alilia kwa sababu alikuwa amempenda yule mkwe, jamani. Alimpenda bila kumwona, na sasa aliamini kwamba mtu aliyempisha njiani miaka yote alikuwa akimhesabia siku.

Wiki zikapita. Asubuhi moja Marietha akaingia na mwanawe Paskalina mgongoni, uso umevimba, na hakusalimia vizuri.

"Mama, umefurahi sasa? Mume wangu anaacha udiwani."

"Anaacha kwa nini? Azimio si limesema ajitoe kwenye hisa tu?"

"Atajitoaje bila wewe mezani? Na wewe atakufikishaje mezani?" Marietha alijibwaga kwenye kigoda. "Mbuzi yupo, mama. Alimnunua wiki ileile tuliyomzika baba. Yuko zizini anakula mpaka anashindwa kutembea. Lakini umeona wapi mbuzi wa mkwe akipelekwa kwa mjane mwenye kaniki? Amesema mbuzi yule ni wa nderemo, huwezi kumchinja juu ya machozi ya mtu. Anangoja utoe kaniki. Nimemwambia, muda wa chama utakwisha kabla ya mwaka wa baba. Akasema basi kiti kiende, kitapata mwingine, lakini yeye hatamharakishia mama ujane wake kwa ajili ya karatasi." Alijifuta pua. "Nikamwambia nenda ukamweleze. Akasema nitamtajiaje mama mbuzi wa furaha naye yumo kwenye msiba? Hata kwa kuku ameshindwa."

Jenoveva aliona aibu iliyomtoa jasho. Yeye alikuwa amekaa na sumu ya Lucian moyoni miezi yote ile, na mwenzake alikuwa amekaa na mbuzi. Alimchukua Paskalina mgongoni mwa mama yake, akampakata, akamnusa kichwa.

"Mwambie mumeo siku ya Bwana Salimu ashuke Lushoto," alisema. "Mbuzi abaki zizini."

"Mama, bila mbuzi mtaonanaje?"

"Nani kasema tutaonana? Haya yangu mimi siiuzi kwa mbuzi. Bwana Salimu alitaka meza moja. Hakusema tuikalie upande gani."

Siku ilipofika, Jenoveva alidamka, lakini hakushuka moja kwa moja. Alipitia nyumbani kwa Mama Secilia, bibi kizee wa maneno makali, mama yake Yudith; kwa maneno mengine, mama mkwe wa Lucian. "Mama Yudith, onga makeo," alimwamkia kwa Kisambaa. "Jifunge kanga twende mjini, nitakununulia chai na mandazi." Secilia hakuuliza mara mbili. Mjini Jenoveva alimweka kwenye hoteli iliyotazamana na duka la vitambaa, akamwagizia chai ya maziwa, akamwambia, "Kaa hapa mpaka nikuite." Kisha akajifunika kanga kichwani mpaka kidevuni, akaingia chumba cha nyuma kinyumenyume.

Ndiyo, kinyumenyume. Na Cosmas, aliyekuwa ameshafika, alikuwa amegeuzia uso ukutani, kwenye majora ya kitambaa cha khaki. Bwana Salimu alitazama huku, akatazama huko. Mwishowe aliisogeza meza katikati ya chumba, akaweka kiti upande huu na kiti upande ule, na wote wawili wakakaa wakiipa meza migongo.

"Subhanallah," Bwana Salimu alisema taratibu. "Kazi hii nimeifanya tangu enzi za Mwingereza, sijapata kuona wateja wenye visogo tu." Alisafisha koo. "Haya. Mama, hukusoma, huna kitambulisho. Sharti aliyemo kwenye akaunti akutambue. Na wewe umtambue yeye. Bwana Cosmas, mama aliyeko nyuma yako unamtambua?"

"Namtambua kwa mwendo," Cosmas akaiambia khaki. "Amepanda ngazi ya mlangoni mguu wa kulia kwanza, akapumzika, akaguna. Ni mama."

"Na wewe, mama?"

Jenoveva aligeuza shingo kidogo, akatazama kupitia tundu la kanga. Mgongo ulikuwa pale pale, ndani ya koti lile lile. Lakini ulikuwa umepinda kidogo mabegani, jambo ambalo kwenye migomba hakuwahi kuliona. Na ukosini nywele zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Kumbe hata huyu anazeeka, aliwaza.

"Mgongo huo naujua," alisema. "Nikiuona Nairobi katikati ya watu nitaujua. Ndiye."

Bwana Salimu aliandika. Hatujui aliandika nini, lakini dalali wa Tanga hakuwahi kulalamika. Kisha akaeleza tena, polepole, kwa sababu ndio wajibu wake: mzee ametoka kwa kifo, hisa ni za hawa wawili, na sasa Bwana Cosmas anatoka kwa hiari, kwa ajili ya Azimio. "Lakini, Bwana Cosmas, nikuambie haki yako. Azimio limekataza kuwa na hisa, halikukataza kuuza. Nusu ni yako. Naweza kuiuza ukaondoka na hela yako halali mfukoni, na mama akabaki na nusu yake."

Jenoveva alishika ukingo wa kiti. Nusu ya gawio isingemtosha mpaka mwisho wa mwaka, na yeye alilijua hilo, na Cosmas alilijua.

"Bwana Salimu," Cosmas alisema, "mimi sikuwa na hisa. Mzee aliniweka pale nimshikie mlango. Nimeushika. Sasa mwenyewe amefika, mimi naupisha." Akapokea karatasi kwa nyuma, akaiinamia magotini, kalamu ikakwaruza. Jenoveva hakuweza kumwona lakini alisikia pua ikivutwa, na kiti kikilia mara moja kisha kikatulia.

Laiti ingekuwa ruhusa angegeuka akampapasa. Badala yake aliinamisha kichwa akasema na mguu wa meza. "Wewe meza. Mwambie mwanangu," na hakuwahi kumwita hivyo, siku zote alikuwa "mtu yule" au "baba Paskalina", "mwambie mwanangu nilimdhania vibaya. Mwambie anisamehe. Na yule mbuzi amlishe vizuri, kaniki nikiitoa tutamla."

"Meza," Cosmas akajibu kwa sauti iliyopasuka, "mwambie mama yamekwisha."

Ni hapo mlango ukasukumwa akaingia Lucian, anahema, mafuta kichwani. Alikuwa amepata habari njiani. "Shemeji! Nimewahi? Afadhali! Huyu akitoka, akaunti haiwezi kubaki na mtu mmoja. Mjane mzee, ukianguka leo, hisa zote zinaingia mirathi, ni mahakamani, ni mawakili, ni balaa. Bwana Salimu, si kweli?"

Bwana Salimu alikunja uso, lakini hakuwa mwongo. "Ni kweli. Akibaki peke yake, siku yake ikifika zitakwenda kwenye mirathi kama ng'ombe na mashamba. Ukoo utakaa kugawana."

"Umeona! Niandike mimi. Mimi ni damu ya kaka. Wewe na mimi, pamoja."

"Umesema kweli, shemeji," Jenoveva alisema kwa upole uliomtia Cosmas wasiwasi. "Mtu asibaki peke yake. Bwana Salimu, nataka niandike mwenzangu, kwa masharti yale yale ya mzee. Sahihi za wote wawili, meza moja. Na kila gawio likija tulipokee pamoja, nyumbani kwangu." Lucian alikuwa tayari ameshavuta kigoda. Jenoveva alinyanyua sauti kuelekea barabarani. "Mama Yudith! Njoo!"

Lucian aliganda. "Mama Yudith yupi?"

"Una mama Yudith wangapi?"

Kutoka hotelini, kikohozi kikavuka barabara, na nyuma yake fimbo ikigonga mawe, ko, ko, ko. Mlango ulikuwa mmoja tu, na mama mkwe wake alikuwa anakuja kwa mlango huo. Dirisha nalo lilikuwa moja, dogo, la kupitishia hewa. Lucian alilitazama, akajitazama tumbo, akakata shauri. Alipita kichwa, akapita mabega, akakwama kiunoni, na Cosmas, ambaye kwa kuruka kwa ajili ya mama mkwe alikuwa bingwa wa tarafa nzima, akamshika miguu kwa huruma ya kweli na kumsukuma. Wakasikia puu! nje kwenye mapipa, na mbio zikielekea upande wa soko la ndizi.

"Nani huyo ameruka?" Secilia aliuliza akiingia, mandazi mkononi.

"Mtu mwenye heshima zake," Jenoveva alijibu.

Bwana Salimu alikuwa ameweka kichwa juu ya meza, mabega yanamtetemeka. Cosmas alikificha kicheko kwa kikohozi, kisha akatoka ubavu ubavu, uso ukutani mpaka mlangoni. Jenoveva alicheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani, akamweleza Secilia yote: kwamba gawio litakuwa lao wawili, na Lucian hataweza kulifuata mahali ambapo mama mkwe wake amekaa, na kwamba mmoja wao akifa, atakayeandikwa mahali pake ni Yudith, mwanamke wa kazi, siyo mumewe. Secilia alisikiliza akitafuna. "Una akili za mumeo," alisema.

Bwana Salimu alijifuta macho, akafungua kidau cha wino, akasoma kama anavyotakiwa kusoma. "Sahihi za wote wawili. Hakuna mafungu. Akifa mmoja wenu, hisa zote zinabaki kwa aliyebaki. Mmeelewa?"

"Tumeelewa," Secilia alisema. "Na mimi ndiye mkubwa. Nitatangulia mimi, Jenoveva, wewe ubaki ule."

Jenoveva alikuwa ameshanyoosha dole gumba. Akalirudisha. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni chote.

"Hapana, Mama Yudith," alisema. "Kubaki nimeshabaki. Zamu hii abaki mwingine."

Secilia aliweka andazi chini, akafuta vidole kwenye kanga, akaushika mkono wa mwenzake akaupeleka kwenye wino.